Injini imekufa Johannesburg: kutengeneza au kuuza?

Kwa wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki walioko Johannesburg, gari ni chombo cha kutafutia riziki. Injini inapokufa, mwenye gari hulazimika kuamua: alifufue, au aliuze jinsi lilivyo?

Hesabu waliyoizoea nyumbani haifai hapa moja kwa moja. Dar es Salaam na Nairobi hutegemea magari yaliyotumika kutoka Japan. Afrika Kusini, ili kulinda viwanda vyake, hairuhusu magari ya namna hiyo kuingia sokoni bila kibali maalumu. Mengi yanayoshushwa Durban hupita tu kuelekea nchi jirani. Kwa hiyo gari kuukuu linalotembea si rahisi kupatiwa mbadala wa bei nafuu.

Kabla ya yote, tarehe ya ununuzi itazamwe. Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2008 humpa aliyenunua gari kwa mfanyabiashara muda wa miezi sita kudai litengenezwe, libadilishwe au arudishiwe fedha, iwapo kasoro haikutokana na matumizi mabaya. Aliyenunua kwa mtu binafsi hana kinga hiyo.

Hatua inayofuata ni kujua kilichokufa. Gasketi iliyoungua kwa sababu injini ilichemka ni jambo moja. Injini iliyonoki ni jambo jingine kabisa. Gereji inatakiwa kutoa makadirio ya gharama na kupata idhini ya mteja kabla ya kuanza kazi, na vipuri ilivyofunga, pamoja na ufundi wenyewe, vina dhamana isiyopungua miezi mitatu.

Tuseme gari likiwa zima lina thamani ya randi 60,000, matengenezo ni 35,000, na mnunuzi anatoa 15,000 likiwa bovu. Kutengeneza kunamwachia mwenyewe 25,000, yaani 10,000 zaidi ya kuuza. Lakini giaboksi nayo ikidai 12,000, faida hiyo imekwisha. Matairi mapya ya mwezi uliopita hayamo katika hesabu, ingawa pengine ndiyo yanayouma zaidi.

Injini iliyotumika hupunguza gharama, na hapo ndipo penye hatari. Namba yake lazima ihakikiwe na polisi na kuandikishwa upya katika hati za gari. Injini isiyo na karatasi huenda ni ya wizi, na kwa mgeni, ambaye vibali vyake navyo hukaguliwa, huo ni mkosi juu ya mkosi.

Anayeamua kuuza hukutana na neno la Kiafrikana, voetstoots, yaani jinsi lilivyo. Neno hilo halimlindi muuzaji aliyeficha kasoro anayoijua. Ubovu wa injini ni bora uandikwe katika mkataba. Pia aiarifu ofisi ya usajili kwamba gari limebadilisha mwenyewe. Asipofanya hivyo, ada ya leseni ya kila mwaka na faini za barabarani zitaendelea kuja kwa jina lake.