Mavivi: wingu lisiloleta mvua

Usiku wa mwezi wa kwanza, kama anga iko safi, mtu akisimama Mavivi na kuangalia kusini, upande wa Beni-mjini, anaweza kuona kipande cheupe sawa moshi. Upepo haukisukumi. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu. Mwangaza wake unasafiri miaka 160 000 hivi mpaka kutufikia.

Ndani yake mna nyota, tena mna gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo jicho haliioni, lakini inatoa mawimbi ya redio ya sentimita 21. Antena za Australia ziliyapokea, ramani ikachorwa: mafundo, matundu, nyuzi, sawa povu la sabuni. Utaanzia wapi kuielewa?

Mwaka 2001, Bruce Elmegreen na wenzake walichagua hesabu. Hawakufuata fundo moja moja. Waliuliza: kwa kila ukubwa, mwanga wa gesi unapanda na kushuka kwa nguvu gani? Majibu wakayapanga kwenye mstari mmoja. Kumbe mstari ulikunjika karibu na ukubwa wa miaka-mwanga 300. Wakasema: huo ndio unene wa galaksi.

Namna gani? Fikiria kakao iliyoanikwa kwenye turubai. Ukiinama karibu, punje zinapandana juu na chini. Ukirudi nyuma, unaona kitu bapa tu. Pale macho yanapobadilisha habari, ndipo unene ulipo. Kwa Wingu Dogo la Magellan mstari haukukunjika: dalili kwamba lenyewe ni nene.

Leo antena 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa Afrika ya Kusini mwaka 2018, zinasikiliza hidrojeni hiyo hiyo. Nchi nane za Afrika, Kenya na Zambia zikiwemo, zilijiunga na Afrika ya Kusini katika mradi wa SKA. Kongo haimo.

Kwetu Mavivi, vita imetunyang'anya usiku. Milango inafungwa mapema, na watoto wanakua bila kuangalia juu. Lakini kazi hii haiombi mtu akeshe nje. Inaomba hesabu, ordinatere na umeme, na ramani nyingi ziko wazi kwa wote. Usalama tunauomba kila siku. Tukiungoja, vijana wetu wa hesabu-fizika wapewe vyombo: galaksi inaweza kupimwa hata mchana.