Kupewa si Kushirikishwa



Vikundi vingi siku hizi huweka hesabu zao kwenye simu, na simu haiendi bila programu kuu ya kuiendesha. Simu nyingi zina Android ya kampuni ya Google. Maandishi ya programu hiyo yalifunguliwa mwaka 2008: yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyabadilisha. Je, huko ndiko kushirikishwa?

Tufikirie jahazi. Fundi wa Matondoni hujenga mahali pa wazi. Mpita njia huona kila ubao, huuliza, hata hukosoa. Sehemu ya Android zamani ilijengwa hivyo. Mwaka 2025 Google iliuhamishia ujenzi wote ndani. Watu wa nje huonyeshwa chombo kikishamalizika. Ruhusa ya kukichukua ipo, lakini hukuulizwa.

Debian, programu kuu ya kompyuta iliyoanza mwaka 1993, yafanana zaidi na kikundi chetu: wanachama hujitolea, hujadiliana hadharani, na kila mwaka humchagua kiongozi kwa kura.

Sisi wa Lamu tofauti hii twaijua. Mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe, maana wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Basi kampuni ikija na "mradi wa jamii", ulizeni:

1. Nani anaamua?
2. Tunaonyeshwa kabla au baada?
3. Wakiondoka, tutaweza kuendelea wenyewe?

Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi.