Daftari la Chama Likiingia Kompyuta

Ndugu wanavikundi, sanduku la funguo tatu mnalijua: hakuna alifunguaye peke yake. Chama cha Kibera au Kawangware kikianza kuandika akiba kwa simu, daftari huhama kabati la katibu likakaa kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mbali. Simu ikiibiwa, hesabu inabaki.

Je, funguo? Mwambieni fundi wa programu hivi: mwanachama asome akaunti yake tu, mweka hazina aandike, mkaguzi aone yote bila kugusa. Kila mtu na neno lake la siri, si lile moja ambalo hata watoto wanalijua! Na seva yenyewe ndiyo ikatae. Kuficha kitufe kwenye simu hakumzuii mjanja.

Kosa lisifutwe, liandikiwe sahihisho. Ramani ya Kibera, ambayo vijana wa Map Kibera walianza kuichora mwaka 2009, iko OpenStreetMap, na huko kila badiliko hubaki na jina la akaunti iliyolifanya. Sisi twataka hivyo kwa pesa za mama mboga.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwanachama haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kudai yasahihishwe.

Ulizeni pia nani ana neno la siri la msimamizi. Kama ni fundi peke yake, siku akihama mtaa mtaingilia wapi?