Shangingi la dizeli linakula kiasi gani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita niliahidi kujibu swali linaloulizwa kila kijiwe chenye madereva: kwa nini Land Cruiser 300 mpya ya dizeli haifikishi kilomita ilizoandikiwa? Nianze na hayo yaliyoandikwa, maana hata yenyewe hayapatani. Nchini Japan gari hili, lenye injini ya lita 3.3, limetangazwa kwenda kilomita 9.7 kwa lita. Nchini Australia, injini ikiwa hiyo hiyo, limetangazwa kula lita 8.9 kwa kilomita 100, yaani kilomita 11.2 kwa lita. Katika safari ya kilomita 500 makaratasi hayo mawili yanapishana kwa lita 7. (Na tukiwa hapo hapo: lina silinda 6, ingawa mtaani kila shangingi bado linaitwa V8.)

Kinachoyatenganisha ni mtihani. Tarakimu hizi hazipatikani barabarani. Gari hupandishwa juu ya rola za chuma ndani ya maabara, matairi yanazunguka lenyewe likiwa palepale, na dereva anafuata mstari wa mwendo unaopanda na kushuka kwenye skrini. Australia walitumia utaratibu wa zamani wa Ulaya: dakika 20 kasoro, kilomita 11, wastani wa kilomita 34 kwa saa, na mwendo wa 120 unaguswa kwa sekunde 10 tu. Mtihani wa Japan ni mpya zaidi na mgumu zaidi, lakini nao hauvuki kilomita 97 kwa saa. Kote kuwili kiyoyozi kimezimwa. Aliyewahi kukaa ndani ya gari pale Ubungo saa nane mchana, mwezi wa Februari, atajua hapo tu kwamba mtihani huu hakutungiwa yeye.

Ulaya walibadilisha mtihani wao kuanzia 2017, wakaweka mrefu na wenye kasi zaidi. Bado pengo halikuzibika. Magari mapya ya huko sasa yana chombo kinachorekodi mafuta yanayotumika kweli, na Kamisheni ya Ulaya ilipotoa hesabu zake mwaka 2024 kwa magari ya 2021, ya dizeli yalikuwa yamekula asilimia 18.1 zaidi ya kilichoandikwa, na ya petroli asilimia 23.7. Kwa hiyo ukikuta dizeli yako imezidi kwa sehemu moja ya tano, usikimbilie kumtukana fundi.

Sasa tulitoe gari maabara, tuliweke kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Iringa, kama kilomita 500. Likiwa na abiria na mizigo, tuseme lina tani 3.

Dar iko usawa wa bahari. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu. Kunyanyua tani 3 hadi huko kunadai nishati ya megajuli 44. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi, ila tuseme injini hugeuza kama asilimia 37 tu kuwa kazi. Nyingine inakuwa joto. Piga hesabu: lita 3 na ushee zinaishia kwenye mlima peke yake, na mpando wa Kitonga huchukua fungu lake nono. Kurudi, sehemu ya deni hilo hulipwa. Ukishuka na gia mguu ukiwa nje ya mafuta, injini ya kisasa hukata mafuta kabisa. Wale wanaoweka frii ili "kuokoa" wanaiacha injini ikiendelea kula ya kujizungusha yenyewe, huku breki zikichemka. Hasara mbili kwa mkupuo.

Kuna vijiji pia. Unakuja na 100, kibao cha 50 kinatokea, trafiki na tochi yake yuko chini ya mwembe. Unapunguza, unapita, unakanyaga tena. Kuirudisha tani 3 kutoka 50 hadi 100 kunagharimu kama mililita 65 za dizeli: kikombe kimoja cha kahawa ya mtaani, kile kidogo kisicho na mkono. Vijiji 15, lita moja. Mtu anayeachia mafuta mapema na kuliacha gari lipoe taratibu kabla ya kibao anaokoa, maana umbali ule ameupata bure. Anayefika na kasi akakita breki amekigeuza kikombe chake kuwa joto la diski.

Upepo nao hauna huruma kwa gari lenye kimo hiki. Ukitoka 80 ukaenda 110, nguvu ya hewa inayokuzuia inakaribia kuzidi maradufu, hata kabla hujafunga keria juu ya paa. Na foleni kabla ya Kibaha ni hesabu rahisi kupita zote: injini kubwa ikinguruma imesimama hula karibu lita moja kwa saa, kwa kilomita sifuri.

Ukitaka kujua lako linakula ngapi, dashibodi isikutoshe, ile inakadiria. Jaza tenki, rudisha tripu sifuri, tembea, kisha jaza tena kwenye sheli ile ile na pampu ile ile. Angalia nozeli: dizeli hutoa povu, na povu likigusa ncha, nozeli inakata "tak" tenki likiwa halijajaa. Subiri povu litulie, ongeza, subiri tena. Kosa la lita 2 ukiwa umejaza 20 ni asilimia 10; ukiwa umejaza 80 ni asilimia 2.5. Kwa hiyo pima kwa tenki linalokaribia kuisha.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu hatununui lita. Tunanunua "ya elfu hamsini". EWURA, mdhibiti wa nishati nchini, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na elfu hamsini ya mwezi huu inaweza kutoa lita pungufu kuliko ya mwezi uliopita. Mwenye gari anaona mshale umeshuka mapema, anaapa kwamba injini imeanza kubugia. Mwambie mhudumu akuandikie lita kwenye risiti.

Juma lijalo tutafungua chujio la masizi lililo kwenye bomba la moshi, ambalo kila baada ya muda huomba dizeli ya ziada ili lichome uchafu wake, na tutaona kwa nini gari la kwenda sokoni na kurudi huombwa mara nyingi kuliko la kwenda Iringa.