Nyanya Amesahau, Kiondo Hajasahau

Mwanamke mzee anaweza kulisahau jina la kifungua mimba wake, kisha akaketi kivulini akasuka kiondo bila kukosea mstari. Majirani wakiona hivyo huanza kunong'ona: ikiwa mikono inajua, basi huko kusahau anajifanya. Wenye ndimi kali husema ni uchawi umemrudia.

Hajifanyi. Ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Mambo ya leo, kama nani alipita asubuhi au chai imenywewa ama bado, hushikwa na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya kichwa usawa wa masikio. Ugonjwa wa Alzheimer, unaosababisha visa vingi vya dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, hushambulia eneo hilo mapema, kisha huenea hadi sehemu zinazotunza majina. Ufundi uliozoeleka kwa miaka mingi huhifadhiwa kwingine, katika viini vya ndani na katika serebela kule kisogoni, na huko ugonjwa hukawia kufika. Ndiyo sababu jina hupotea na kiondo kikabaki.

Kaunti ya Makueni, nchini Kenya, imekuwa uwanja muhimu wa utafiti wa mambo haya. Christine Musyimi, mtafiti katika taasisi ya afya ya akili iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, alianza kwa kazi ambayo wengi wangeikwepa: kuwakutanisha waganga wa kienyeji, waombezi wa makanisani na wahudumu wa hospitali ili wazungumzie wagonjwa wa akili. Nadhani hapo palikuwa na busara, maana familia nyingi hupita kwa mganga au mchungaji kabla ya kuliona lango la zahanati. Baadaye Makueni ikaingia katika STRiDE, mradi wa nchi saba ulioanza mwaka 2018 kuchunguza dimensia. Huko Makueni wahudumu wa afya ya jamii pia walifunzwa kuwauliza wazee maswali mafupi, na kuwauliza jamaa zao pia, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi husema yuko sawa.

Jamaa hao ndio hospitali halisi. Vijana wako Nairobi na Mombasa, na nyumbani amebaki mkaza mwana na wajukuu. Anayemuuguza mama mkwe huulizwa swali lilelile mara ishirini kabla ya jua la utosi, na jioni mzee anataka "kwenda kwao" ilhali yuko kwao. Kusini mwa kaunti jirani ya Kitui, karibu na mbuga ya Tsavo, mzee akitoka usiku anaweza kukutana na ndovu.

Hapa sayansi ya tabia ina la kusema. Mtaalamu hukuuliza nini kilitokea kabla ya vurugu, mzee alifanya nini, na wewe ukamjibu vipi. Mzee anayekataa kuoga huenda anaona baridi, anamwonea haya mjukuu wa kiume, au ana maumivu asiyoweza kuyataja. Ukiondoa chanzo, ugomvi mwingi hupungua bila dawa.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichotazama, lakini hisia yenyewe ilikuwa bado imewakaa. Kwa hiyo mzee aliyekaripiwa saa tatu anaweza kusahau maneno na aliyeyasema, kisha akashinda na uchungu asioujua ulikotoka. Anayesema "hata hivyo atasahau" anakosea nusu nzima ya jambo.

Si kila usahaulifu ni dimensia, wala si uzee tu. Sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kumvuruga mzee, na hivyo vina tiba. Apimwe kwanza. Kwa dimensia yenyewe, jopo la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa ulimwenguni vinahusiana na mambo yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo presha, kisukari, uziwi usiotibiwa na elimu duni utotoni.

Kuhusu gharama, serikali humlipa mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Mkaza mwana aliyeacha vibarua ili asimwache mzee peke yake hana fungu lake katika malipo hayo.