Figili, Mwalimu wa Siku Thelathini

Mtu apandaye mnazi ajua ya kuwa atangoja miaka kabla ya kunywa dafu lake. Apandaye mahindi hungoja miezi mitatu au minne. Mtu mzima aweza kungoja hivyo, lakini mtoto hana subira ya namna hiyo. Akipanda leo, kesho asubuhi hufukua kutazama kama mbegu imeota.

Ndiyo sababu twawashauri walimu na wazazi wa Kinondoni na Temeke, hasa wakaao pande za Bunju, Mabwepande, Mbagala na Chamazi, waanze kuwafundisha watoto kwa figili. Mbegu yake huchipua kati ya siku 3 na 5, na figili ndogo nyekundu huwa tayari kuliwa kati ya siku 25 na 30. Kabla ya mwezi kwisha mtoto amekwisha kuona kazi yote, tangu mbegu hata sahani.

Faida yake si ndogo. Watoto wengi wa mjini hushiba ugali, wali na viazi vya kukaanga, lakini mboga hawaigusi. Kushiba ni jambo moja, na kuupa mwili vitu vya kuujenga na kuulinda ni jambo jingine. Mtoto aliyelazimishwa kula mboga huitema. Aliyeiotesha kwa mkono wake mwenyewe hutaka kujua ladha yake.

JEMBE LISIWE ADHABU

Shamba la shule si jambo jipya katika nchi hii. Lilikuwako zamani za utawala wa Waingereza. Tena mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipoandika habari za Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki katika kuamua mipango yake. Lakini mahali pengi shauri hilo la pili lilisahauliwa. Katika shule niliyosoma mimi, aliyechelewa kengele ndiye aliyepelekwa shambani. Tulilima sana, na somo tulilolipata ni moja tu: ya kuwa jembe ni la mwenye hatia. Wengi wa wenzangu hawajalishika tena tangu siku zile.

Nami nilipopewa kazi ya kufundisha, nilikosa kwa njia nyingine. Mara ya kwanza niliwapandisha watoto figili mwezi wa Januari, jua likiwa kali, katika mchanga mtupu, na mbegu tukazimwaga kama mtu atiaye chumvi chunguni. Majani yalikuwa mengi, lakini mizizi ilikuwa myembamba kama mkia wa panya, tena mikali mno. Mtoto mmoja alitafuna, akatema, machozi yakamtoka, wenzake wakacheka. Tangu siku ile hakuna aliyetaka kulisikia hata jina la figili. Kosa halikuwa la mtoto wala la mboga, lilikuwa langu. Basi mambo yanayofuata ni yale ambayo ilinipasa kuyajua kwanza.

MAJIRA NA MBEGU

Figili hupenda baridi kidogo. Hapa pwani wakati ulio mwema ni Juni hata Agosti. Katika masika mvua kubwa huzifukua mbegu na kuozesha mizizi. Wakati wa joto mmea hukimbilia kutoa maua, na mzizi huwa mgumu na mkali. Atakaye kupanda wakati wa vuli na aweke kivuli chepesi cha makuti kwa saa za mchana.

Anunuaye mbegu aangalie sana, maana katika masoko ya Dar es Salaam jina la figili, au figiri, hutumika pia kwa mboga ya majani iuzwayo kwa mafungu. Aseme wazi ya kuwa ataka ile yenye mzizi mnene wa kuliwa. Ile nyekundu ya mviringo ndiyo ya upesi. Ile nyeupe ndefu huhitaji karibu miezi miwili, nayo haiwafai wanafunzi wa kwanza.

TUTA

Mchanga wetu hukauka upesi. Kwa tuta la futi 3 kwa futi 6, changanya debe moja la samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi haifai: huzidisha majani, hupasua mizizi, tena yaweza kuleta magonjwa, kwa kuwa figili huliwa mbichi. Ondoa mawe na vipande vya chupa.

Asiye na uwanja na atumie ndoo iliyovunjika au gunia, mradi kina chake kisipungue inchi 6, na chini pawe na matundu ya kutolea maji. Chombo kilichotiwa rangi, mafuta ya gari au dawa ya wadudu kisitumiwe kabisa.

KUPANDA NA KUPUNGUZA

Chora mistari ya kukata upana wa tuta, inchi 6 kati ya mstari na mstari. Kila mtoto apewe mstari wake, na jina lake liandikwe katika kijiti. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, maana shamba la wote huangaliwa na mwalimu peke yake, bali mstari wa mtu huangaliwa na mwenyewe. Mbegu ziwekwe moja moja, nafasi ya inchi 1, kina cha nusu inchi.

Miche ikifika urefu wa inchi 2, ipunguzwe hata ibaki nafasi ya inchi 2. Hapo watoto huhuzunika kung'oa kitu kilicho hai. Usiwafanyie kazi hiyo. Waeleze ya kuwa miche iliyosongamana hunyang'anyana chakula, na hakuna hata mmoja utakaonenepa. Miche iliyong'olewa ioshwe, waile. Kisha waulize: mstari wa futi 3, figili kila inchi 2, tutavuna ngapi? Atakayejibu 18 amejifunza hesabu bila kuogopa ubao.

MAJI NA WADUDU

Mwagilia asubuhi na jioni, kidogo kidogo, bila kuacha siku. Udongo ukikauka kisha ukaloweshwa ghafula, mizizi hupasuka.

Maji na yawe safi. Maji ya mto Msimbazi na vijito vyake hupokea uchafu wa viwanda na vyoo. Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya wachunguzi waliopima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, nao walikuta ndani yake madini kama risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kuosha mboga hakuwezi kuondoa kilichokwisha kuingia ndani yake. Basi ni heri tuta dogo lenye maji ya bomba au ya mvua kuliko shamba kubwa la bondeni.

Wadudu wadogo warukao kama viroboto hutoboa majani, na viwavi huyala. Viwavi waokotwe kwa mkono kila asubuhi. Watoto huifanya kazi hii kwa furaha. Dawa za sumu zisitumiwe, kwa kuwa mboga hii hukaa shambani siku chache tu, kisha huliwa mbichi.

KUVUNA NA KULA

Figili ing'olewe ikiwa na ukubwa wa ndimu ndogo. Ikicheleweshwa huwa na sponji ndani. Mtoto na ang'oe mwenyewe, aoshe kwa maji yaliyochemshwa. Kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi, ngoja kidogo. Chumvi hutoa maji pamoja na sehemu ya ukali. Kisha kamulia ndimu. Hufaa pia katika kachumbari pamoja na nyanya na vitunguu. Watoto wadogo sana wasipewe nzima, wasije wakapaliwa.

Majani yasitupwe, yana vitamini C na chokaa ya mifupa kupita mzizi wenyewe. Yakatwe, yapikwe kwa kitunguu na tui la nazi kama mchicha, bila kukawia motoni.

Wala asilazimishwe mtu. Mwalimu na ale kwanza mbele yao, kisha anyamaze.

Nilipanda mara ya pili mwezi wa Juni, kwa njia hii, na watoto wa darasa jingine. Msichana mmoja alikataa kuonja, lakini alifunga figili zake katika daftari akaenda nazo nyumbani. Kesho yake mama yake alifika shuleni. Nilidhani amekuja kulalamika. Kumbe amekuja kuomba mbegu, maana bintiye amesema ya kuwa hatakula mpaka wadogo zake nao wawe na mistari yao. Nikampa kiganja kimoja, nikamwonya asipande kabla ya kuozesha samadi.