UZI: Saratani ya matiti, mitishamba na kelele za jukwaani

1/ Mjadala wa afya ukipamba moto, utasikia kambi mbili. "Wauza mitishamba wafungiwe, wanaua watu!" Na "Mnadharau dawa za mababu zetu!" Tuchambue pole pole, maana anayeumia hapo katikati ni mama mwenye uvimbe kwenye titi.

2/ Kwanza tenganisha. Maombi, kukandwa au chai ya tangawizi PAMOJA na matibabu ya hospitali ni jambo moja. Mitishamba BADALA ya upasuaji, kemo au mionzi ni jambo lingine kabisa.

3/ Hiyo "badala" ndiyo hatari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 uliangalia wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa. Kwa saratani ya matiti, waliochagua tiba mbadala pekee walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5 ya waliotibiwa hospitalini.

4/ "Lakini si hata dawa za hospitali hutoka kwa miti?" Kweli. Paclitaxel, dawa ya kemo, ilipatikana kwanza kwenye gamba la mti. Ila ilipimwa kwa wagonjwa, kipimo na madhara yake yakajulikana. Ile chupa ya stafeli ya sokoni, nani ameipima?

5/ Sasa swali ambalo kambi zote hulikwepa: mbona mtu aende huko? Mara nyingi si ujinga. Mionzi inapatikana miji michache tu. Ukitoka Lodwar, hesabu nauli, malazi na foleni. SHA ina kikomo cha mwaka kwa kila familia. Kikiisha, ni harambee. Muuza mitishamba anakupokea leo leo, unalipa mdogo mdogo, na anakuahidi titi halitakatwa.

6/ Sheria je? Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba ya asili na mbadala, na ilitaka kiundwe chombo cha kuisimamia. Kwa hivyo "tupige marufuku" na "tuwaachie tu" zote zinaruka kazi yenyewe.

7/ Mwanasiasa akija na hoja hii, muulize: Mashine ngapi za mionzi zinafanya kazi leo? Kikomo cha SHA kikiisha katikati ya kemo, mgonjwa afanye nini? Chombo cha kusimamia waganga kimefika wapi?

8/ Na wewe ukihisi uvimbe, nenda upimwe mapema. Kama unakunywa mitishamba, mwambie daktari bila aibu, kwani mingine huvuruga dawa. Daktari naye asikugombeze: mgonjwa akigombezwa, kesho atanyamaza.